Gesti Iliyosingiziwa Kumfukuza Mariamu

Tangu nistaafu, walimu wenzangu vijana wananiuliza Kiyunani kilinisaidia nini maishani. Kwa kawaida nawajibu kwamba kilinisaidia kuharibu macho. Lakini juzi yule aliyepewa darasa langu aliniomba kwa adabu nimwandikie jinsi tulivyoifundisha lugha hiyo hapa Bariadi, enzi ambazo hata chaki ilikuwa habari ya kusikia. Nimekubali. Mambo ya vyeo na mishahara mtayatafuta ofisini, kama bado yapo. Mimi nitaandika yale ninayoyakumbuka kwa furaha, likiwemo moja ambalo likinijia nacheka peke yangu jikoni mpaka wajukuu wanachungulia.

Chuo chetu cha Biblia kiliniajiri nifundishe Kiswahili na kupiga chapa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sikuwahi kuwaza kwamba Agano Jipya liliandikwa kwa lugha nyingine yoyote zaidi ya hii tuliyoisoma kanisani. Mwalimu wa Kiyunani alikuwa Mchungaji Nkwabi, mzee mwembamba wa Lalago, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama dirishani kwake natazama ubao.

"Unaona nini hapo, mwalimu Minza?"

"Kusema kweli, mchungaji, naona minyoo."

"Basi ingia ndani," akasema. "Minyoo hiyo ndiyo Injili."

Niliingia, nikakaa nyuma ya wanafunzi, na sikutoka tena mpaka nilipostaafu. Kwanza nilikuwa mwanafunzi wa kusikiliza tu, baadaye msaidizi wake, na mwisho yeye alipoitwa kuwa mchungaji wa kanisa la mjini, darasa likabaki mikononi mwangu. Wapo walioshangaa mwanamke kufundisha Kiyunani wachungaji watarajiwa. Nami nilishangaa pamoja nao, lakini kipindi kilikuwa kimeshaanza.

Vifaa tulijitengenezea. Chaki ilipokosekana tulichonga muhogo mkavu, nao uliandika vizuri kabisa, ila panya waliupenda kuliko wanafunzi walivyopenda sarufi. Kadi za msamiati tulikata kwenye maboksi ya sabuni. Zamani za maduka ya ushirika sabuni ilikuwa ya aina moja, kwa hiyo kadi zote zilifanana, ukizidondosha umekwisha. Miaka ya ruksa ilipoingia, serikali ilipolegeza biashara, maduka ya watu binafsi yakaleta sabuni za kila rangi. Watu wengine walifurahia mitumba na redio za kaseti. Mimi nilifurahia maboksi. Nomino zikawa za bluu, vitenzi vyekundu, na vihusishi, ambavyo vinasumbua, nikavipa rangi ya njano ili mtu ajihadhari mapema.

Mlinzi wetu wa chuo, aliyewahi kukata mkonge kule Tanga, alikuwa akisimama mlangoni kusikiliza. Siku moja aliuliza hao Wayunani ni watu wa wapi. Nikamwambia ni Wagiriki. Alishika kichwa.

"Mgiriki? Mimi nilikuwa na bwana shamba Mgiriki! Yaani yale matusi aliyokuwa anatutukana ndiyo lugha ya Mtume Paulo?"

Nilimweleza kwamba lugha ni ileile lakini imepita miaka mingi, na maneno hayakai mahali pamoja. Aliondoka akitikisa kichwa, na sidhani kama alinisamehe. Lakini jibu lile nililompa kwa haraka ndilo lililokuja kuwa kazi yangu kubwa, kama mtakavyoona.

Mchungaji Nkwabi alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaiota. Ukitaka kujua neno, alisema, usilichune ngozi uone ndani lina nini. Lifuate uone linakwenda kunywa wapi. Maana yake, usikimbilie kulikatakata neno vipande na kudai umepata siri. Mfuate mwandishi huyohuyo, utazame kwingine alikolitumia, anasema nini pale. Kamusi ifungue baadaye. Kuna mhubiri kijana aliyekuja mnadani Dutwa na vipaza sauti, akatangaza kwamba nguvu ya Mungu kwa Kiyunani ni *dunamis*, yaani baruti, dinamiti yenyewe ile ya machimboni. Watu walipiga makofi. Jumatatu wanafunzi wangu walikuja darasani wananguruma. Ilinibidi niwaambie kwamba Paulo hakuwahi kuona baruti hata siku moja, na kwamba ni dinamiti iliyoazima jina kwa Wayunani, wala Wayunani hawakuazima kitu kwake. Ninyi mnaonifuata, mkimsikia mtu anaanza kwa kusema "kwa Kiyunani cha asili," kaeni macho, hata akiwa ni mimi.

Sasa nije kwenye lile la jikoni.

Ruksa ilileta wanunuzi binafsi wa pamba. Msimu ulipofunguliwa walifika na malori, madereva, wapagazi na mizani zao, na mji ukawa hauna pa kuwalaza. Ndipo zikaota gesti. Nyingine, tuseme ukweli, hazikuwa na sifa nzuri. Lakini Mama Kulwa, mjane aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu, aliongeza vyumba nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe karibu na stendi, akatandika mashuka meupe, akaweka ndoo ya maji kila mlango. Aliendesha gesti yake kwa ukali ambao hata bweni la chuo chetu halikuwa nao.

Kanisani tulikuwa na Mzee Masunga, mzee wa kanisa, mzaliwa wa Sapiwi, mkulima wa pamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe upande wa pili wa mto. Kila Krismasi vijana waliigiza kuzaliwa kwa Bwana, na kila Krismasi Mzee Masunga alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Hakuna aliyethubutu kuigusa nafasi hiyo. Alivaa kofia ya pama, akashika funguo kubwa, na Yusufu na Mariamu walipobisha aliunguruma, "Hakuna nafasi! Ondokeni!" Watoto walisubiri kelele hizo kuliko pilau. Gesti zilipoota mjini, mzee aliona aboreshe mchezo. Akaweka kibao kilichoandikwa GESTI, redio ya kaseti inayopiga dansi, na chupa ya soda ambayo kila mtu alielewa kwamba si soda.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka mmoja mchezo, mwaka uliofuata mahubiri ya mzee mmoja, na baada ya mahubiri wazee wakakaa kikao. Wakasema watu wa gesti ndio waliomfukuza Mariamu akiwa na uchungu, Biblia imeandika wazi kwamba hakukuwa na nafasi katika nyumba ya wageni, na Mkristo hawezi kushika biashara hiyo na kushika kikombe cha Bwana kwa mkono uleule. Mama Kulwa akazuiwa meza ya Bwana mpaka atakapofunga gesti.

Alinijia chuoni alasiri moja, nikiwa nakata maboksi, tukasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwalimu."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," akasema, halafu akakaa kwenye benchi na kuanza kulia. Nikaacha mkasi. Alipotulia alijifuta kwa kanga, akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Mwalimu, nikifunga sitakufa njaa. Nitarudi kupika maandazi. Lakini nikifunga nitakuwa nimekubali kwamba ni mimi niliyemfukuza mama wa watu na mimba yake. Wenzangu wakisimama kwenda mezani, mimi nabaki kwenye benchi na watoto wadogo. Mtoto mmoja aliniuliza, bibi, na wewe hujabatizwa? Hebu niangalizie kwenye hicho Kiyunani chako. Kama ni kweli, nitafunga kesho."

Iliniuma, na iliniogopesha pia. Niliogopa kwamba nitatazama na kukuta ni kweli.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Neno la Luka pale ni *kataluma*. Nikalifuata kwa Luka huyohuyo. Nikalikuta karibu na mwisho wa Injili yake, Bwana anapowatuma wanafunzi wakamuulize mwenye nyumba kiko wapi chumba cha kula Pasaka. Chumba hicho ni *kataluma*. Chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu! Basi, nikajiuliza, Luka alikuwa hana neno la gesti? Analo. Katika habari ya Msamaria, yule aliyepigwa na wanyang'anyi anapelekwa mahali pa kulala kwa kulipia, penye mwenyewe wa kutunza wageni, na pale Luka anaandika *pandokheion*, ambalo watu wa zamani walilisikia kama mahali panapopokea wote. Biblia yetu ya Kiswahili imeliita la Bethlehemu na la Msamaria, yote mawili, nyumba ya wageni. Nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Furaha ya kazi yetu haina kelele nyingi lakini ni furaha.

Nilikwenda nyumbani kwa Mchungaji Nkwabi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Vizuri. Lakini usiape. Neno *kataluma* ni pana, mtu anaweza kulitumia kwa mahali popote pa kupumzika msafiri. Sema kwamba Luka hakuandika neno lake la gesti, na kwamba mwenye gesti hatajwi popote Bethlehemu. Hilo hakuna wa kulipinga."

"Si utasema mwenyewe, mchungaji? Wewe ndiye mwenyekiti wa wazee."

"Mwenyekiti akisema, watanyamaza kwa heshima na mioyoni watabaki vilevile. Njoo wewe. Wewe watakupinga kwa raha zao."

Wazee walikutana Jumamosi. Kwa utaratibu wetu, mzee mmoja akikataa, jambo halipiti. Mama Kulwa alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Nilieleza maneno yangu mawili, nikabandika kadi mbili za bluu ukutani. Wazee waliniangalia kama watu wanaosubiri mwenzao aanze. Mzee Masunga akaanza.

"Mwalimu, kwa hiyo Biblia yetu imekosea?"

Nilijua swali hilo litakuja, na nilijua kwamba nikilijibu vibaya Mama Kulwa atabaki kwenye benchi maisha yake yote.

"Haijakosea, baba. Waliotafsiri waliandika nyumba ya wageni, na wakati ule nyumba ya wageni ilikuwa nyumba ya wageni. Gesti zimekuja majuzi tu, zikalivaa jina. Baba, niulize kitu. Kwenu Sapiwi, kwa babu, wageni walikuwa wanalala wapi?"

"Palikuwa na nyumba yao hapohapo kwenye mji wa babu. Nyumba ya wageni."

"Walikuwa wanalipia?"

"Walipie nini? Ndugu zetu hao!"

"Na siku za harusi, au msiba, ikijaa?"

"Ikijaa wanalala nyumba kubwa kwa mama, wanajibana. Na ndama humohumo, wamefungwa upande wa pili. Mgeni harudishwi njiani, mwalimu, hasa mwenye mimba. Huo ungekuwa ugomvi wa ukoo mzima."

"Na huyo mwenye mimba akijifungua usiku huo?"

"Si atajifungua humo…" Aliangalia zile kadi ukutani, akawaangalia wenzake, akatazama chini. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sikujua kwamba alikuwa na sauti ndogo.

"Mimi mwenyewe nilizaliwa humo. Ilikuwa harusi ya baba mdogo, nyumba ya wageni imejaa. Mama alikuwa akinisimulia kwamba ndama alikuja kunilamba kichwa kabla hata bibi hajanifunika."

Hakuna aliyecheka. Yusufu alirudi mji wa ukoo wake, nikasema taratibu, na sensa ilikuwa imewarudisha ndugu wote nyumbani. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa. Hori ilikuwa ndani, pamoja na watu.

"Kwa hiyo hawakumfukuza," akasema Mzee Masunga.

"Luka hasemi kwamba walimfukuza. Anasema hakukuwa na nafasi chumbani."

Mzee mwingine akakohoa, akasema sawa, hayo ni ya Bethlehemu, lakini gesti za stendi tunazijua. Hapo Mama Kulwa akaomba ruhusa, akasimama.

"Wazee wangu, za wengine sizisemei. Kwangu wanalala madereva waliochoka, na wanalala watu wa vijijini wanaouguza ndugu zao hospitali ya wilaya. Wanakuja na sufuria zao, nawapa moto wapike uji wa mgonjwa. Anayekuja na mambo mengine namwonyesha njia, na mnaijua sauti yangu. Kama hilo ni kosa, niambieni. Lakini hilo la Mariamu, yaya, hapana. Hilo silibebi."

Nikabandika kadi ya tatu, yenye kazi ya yule mwenye gesti wa Msamaria: *tunza*. Kisha Mchungaji Nkwabi akauliza kama kuna anayepinga Mama Kulwa kurudi mezani. Wote walimgeukia Mzee Masunga. Alikunja uso, akazitazama tena zile kadi. Hatimaye akafungua mdomo.

"Sipingi. Lakini nina swali. Kama Bethlehemu hapakuwa na mwenye gesti, mimi miaka yote hii nimekuwa naigiza nani?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mama Kulwa alicheka huku analia. Mzee hakuona cha kuchekesha, alikuwa anafikiri.

"Huyu wa Msamaria, mwalimu. Ana maneno mangapi?"

"Hana hata moja, baba. Anapokea tu mgonjwa na kumtunza."

"Hafai," akasema.

Krismasi hiyo kibao cha GESTI hakikuonekana, wala redio, wala chupa. Mzee Masunga alipewa kuwa mjomba wake Yusufu, mwenye nyumba iliyojaa ndugu. Yusufu alipobisha, mzee alifungua mlango wa maboksi akaunguruma, "Karibuni! Jibaneni hapo! Ng'ombe, sogea!" Alinogewa, akaanza kuwaita na watazamaji wapande jukwaani, na watoto wa Shule ya Jumapili wakapanda kweli mpaka Mariamu akakosa pa kukaa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Wapo waliosema mchezo wa zamani ulikuwa mzuri zaidi. Wapo siku zote, na mtakutana nao.

Mama Kulwa naye aliniuliza lile neno la gesti ya kweli linaandikwaje. Nikamwandikia kwa herufi zetu, akampa mchoraji wa vibao, ambaye alilitazama, akaamua limekosewa, akalirekebisha. Kwa hiyo karibu na stendi palisomeka PANDOKIO kwa miaka mingi, na makondakta wa mabasi ya kutoka Lamadi wakawa wanaita, "Wa Pandokio washuke!" Sidhani kama kuna mji mwingine Usukumani ambapo makondakta walizungumza Kiyunani. Mchungaji Nkwabi alikuwa akilisikia anavua kofia.

Jumapili ya kwanza ya meza ya Bwana baada ya sikukuu, Mama Kulwa aliwahi kanisani akakaa mbele. Mzee Masunga ndiye aliyebeba sahani ya mkate. Kwetu anayepokea hujibu amina, anainama, basi. Mzee alipofika kwake alisimama kidogo, akamsogezea sahani kwa mikono yote miwili. Mama Kulwa akachukua, akamtazama usoni, na badala ya amina akasema, kwa sauti ileile ya pili ya kwaya, iliyosikika mpaka nyuma, "Wabeja."

Alisema asante ya nyumbani, kama unavyomwambia aliyekukaribisha chakula. Watu waliokaa nyuma walicheka kidogo. Mzee Masunga alisahau kusogea, akabaki pale na sahani yake, macho yamemjaa maji, na sisi wengine tukasubiri bila kulalamika. Ndugu zetu Wakatoliki meza hiyo huiita Ekaristi mpaka leo, na neno hilo ni la Kiyunani, maana yake ni shukrani. Mimi nilikuwa nalifundisha kila mwaka, kwenye kadi ya bluu, pamoja na maumbo yake yote. Asubuhi ile ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia likisemwa na mtu.